Shahidi wa Safari ya Mazinde

Ukipita Mazinde kwa basi, upepo ukiwa unatoka upande wa mitambo ya kusindika mkonge, abiria wote hufunga madirisha. Makapi ya mkonge yakirundikana yanaoza, na harufu yake ni kali, ya uchachu, inaingia puani na kukaa humo. Wenzangu huziba pua kwa khanga. Mimi huivuta. Kabla basi halijafika Mombo ninakuwa na miaka kumi na mmoja tena, nimekaa juu ya gunia lililokunjwa nyuma ya pikipiki, nimemshika kiunoni mtu niliyemchukia kuliko nyoka.

Nawaambieni mapema ili msije mkaniona mwema: nilimchukia kweli. Nilifundishwa kumchukia, na niliyofundishwa nikaongezea ya kwangu.

Mtu huyo alikuwa baba yangu mdogo, Mhando, mdogo wake baba wa tumbo moja. Babu, baba yao, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge kule Mazinde enzi za Mwingereza. Uhuru ulipokuja meneja wa shamba akafunga virago, na kitu alichoshindwa kukibeba alimwachia babu: pikipiki nyeusi, nzito, iliyokuwa kuukuu tangu siku hiyo aliyoitoa. Babu alirudi nayo kwetu Handeni, akaipanda miaka yake yote iliyobaki. Akaenda nayo sokoni, msikitini, na kwenye misiba ya watu asiowajua, mradi tu aonekane. Alipofariki hakuacha wosia.

Baada ya arobaini wazee walikaa kugawa mirathi. Mashamba yaligawika, mbuzi wakagawika, hata kitanda kilipata mwenyewe. Ikabaki pikipiki. Baba akasema mkubwa ni yeye. Baba mdogo akasema aliyekuwa akiiosha na kuitia oili ni yeye. Walibishana siku mbili, mpaka mzee mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa yanaliwa na ngedere huko shambani akachoka. Akasema, "Mbuzi hugawanywaje? Huyu paja, huyu kidari. Haya, gaweni tuondoke." Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Siku ile neno halikuharibika, iliharibika pikipiki. Baba alipewa injini na tangi. Baba mdogo akapewa fremu, usukani na magurudumu.

Injini ilikuja kukaa chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwenye magunia mawili na kupakwa grisi kila mwezi. Nyumba nzima ilinuka oili. Mama alikuwa akisema ameolewa uke wenza na chuma, na kwamba mke mwenzie anapakwa mafuta mazuri kuliko yeye. Kwa baba mdogo, fremu ilining'inizwa darini kwa kamba ya mkonge, magurudumu yakalala juu ya mbao pamoja na mbegu za mahindi. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kupanda. Ila kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba mwenzake naye hana, na hilo lilimtosha.

Zamani hizo bonde zima lilikuwa katikati yetu, kwa hiyo chuki ilipata nafasi ya kupumua. Ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipimwa kwa mstari, viwanja vikapewa namba, na karani aliyekuwa akigawa aliona majina mawili yanafanana. Alidhani anatutendea wema. Akatuweka jirani, ukuta kwa ukuta, na bibi yetu akapewa kibanda mbele ya milango yetu yote miwili.

Tangu hapo baba na mdogo wake hawakupeana hata salamu. Kama kulikuwa na la lazima walilisema kupitia mtoto, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Walikuwa wakisimama hatua nne tu mmoja na mwenzake, baba anasema, "Mwambie huyo mbuzi wake anakula kunde zangu." Nami nageuka, nasema, "Baba anasema mbuzi wako mwizi anakula kunde zetu." Neno mwizi nililitia mwenyewe. Nilipenda kuona uso wake unavyobadilika. Majirani hawakujiingiza. Waliujua msemo wa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nao kweli walikwenda kulima.

Aliyechoka ni bibi. Asubuhi moja alikuta wanawe wanatemeana mate juu ya ndoo ya maji, na maji kwetu Handeni si kitu cha kutemewa mate. Aliwaita wote wawili barazani kwake, akawaambia, "Mimi nikifa mtaigawa sanda yangu. Huyu atachukua upande wa kichwa, huyu wa miguu. Sasa leo hii pikipiki ipate mwenyewe mmoja. Nani anaweza kuiendesha mpaka kwenye geti la shamba la Mazinde alikofanya kazi baba yenu, na kurudi hapa kabla jua halijatua, bila kuisukuma hata mara moja?"

Baba hakujitokeza, maana aliijua ile barabara. Baba mdogo akasimama. "Mimi."

"Ukiisukuma?"

"Iwe yake." Hakumtaja baba kwa jina. Alielekeza kidevu tu.

Waliiunganisha kwa siku tano pale barazani kwa bibi, na katika maisha yangu sijaona kazi iliyofanywa kwa ushirikiano mkubwa namna ile na watu waliochukiana namna ile. Kila mmoja alikuwa anajua nusu yake. Baba alifungua kabureta, akaisafisha kwa petroli kidogo kwenye bakuli la mama, akasugua plagi kwa kipande cha msasa mpaka ikang'aa. Baba mdogo alinyoosha spoki moja moja, akiigonga kila moja kwa kucha na kusikiliza. Gasketi iliyooza walikata nyingine kutoka kwenye jalada gumu la daftari langu la hesabu, bila kuniomba. Petroli ilikuwa adimu kuliko sukari. Tuliipata kidogo kidogo, chupa kwa chupa, kwa bwana shamba aliyekuwa na deni la heshima kwa babu.

"Mwambie mwenye magurudumu ainue hapa," baba alisema, mikono yake ikiwa ndani ya fremu.

"Mwambie mwenye injini nimeshainua, yeye ndiye amelala."

Mimi nilikaa katikati, nikishika bolti na nati kwenye kanzu kuukuu ya babu, nikipeleka maneno hatua mbili kwenda na mbili kurudi. Siku ya tano baba alipiga kiki mara kumi na tatu. Mara ya kumi na nne ikanguruma, kuku wakaruka, moshi wa buluu ukajaa baraza. Kwa muda mdogo, labda wa kuvuta pumzi mbili, ndugu wale walitazamana na wote walikuwa wanacheka. Kisha wakakumbuka.

Ikabaki habari ya shahidi. Baba alisema mwenye magurudumu anaweza kuishia Korogwe, akala machungwa, akarudi na jani la mkonge akisema ni la Mazinde. Bibi akakubali kwamba mkonge hauna jina. Mtu mzima hakuweza kupandishwa, maana nyuma kulikuwa na keria ya chuma tu, na tairi zilikuwa za zamani. Bibi akanitazama. "Ataenda huyu. Ni mtoto wa kaka mtu, hawezi kumpendelea."

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Baba alinikunjia gunia kwenye keria, akanishika kidevu, na akasema kwa sauti ambayo hakutaka mtu yeyote aikose: "Macho yako yasimwache. Akisukuma hata hatua saba, nataka kuzisikia hatua saba. Na ukisinzia njiani ukakosa kuona, usirudi kwangu. Nitakuchapa mpaka ule usingizi wenyewe ukukimbie." Baba hakuwa mtu wa kutishia bure. Migongo yetu ilikuwa inamjua. Baba mdogo alikuwa ameshapanda, ameshika usukani, anatazama mbele. Nilidhani hasikii.

Kutoka kwetu kwenda Misima, kisha Sindeni, barabara ilikuwa ya makorogesho, imejikunja kama bati, na kila korogesho liliingia kwenye keria likanipanda mgongoni mpaka kwenye meno. Shati lake lilinuka jasho na oili, nami nilishika mkanda wake kwa vidole viwili viwili, kama mtu anayeshika kitu kichafu. Nilikuwa naomba injini ife. Naona aibu kulisema lakini niliomba kabisa, kwa dua niliyojifunza chuo cha Kurani.

Haikufa. Ilikohoa kwenye kilima, baba mdogo akaibembeleza kwa gia ndogo, ikapanda. Tulivuka mto Pangani kuingia Korogwe, maji yakiwa ya rangi ya chai. Tukapita Masuguru ambako watoto walitukimbilia wakipiga kelele, na baada ya hapo tukashika barabara ya Mombo, milima ya Usambara ikiwa imesimama kulia kwetu. Huko alinunua machungwa mawili. Alikula moja. La pili alilitupa nyuma bila kugeuka, nikalidaka. Nililila huku nikijiambia kwamba ni hongo, na kwamba sitahongeka kwa chungwa.

Tulipopita Mombo tairi ya nyuma ilipasuka. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikashuka, nikasimama kando, nikaanza kuitazama miguu yake. Alikuwa na kiraka kimoja na tundu lilikuwa kubwa kuliko kiraka. Nilijua sasa ataisukuma mpaka shambani, nami nitahesabu.

Akaniambia neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Kaa hapo kwenye kivuli, jasusi."

Akaenda kwa miguu, peke yake, akaiacha pikipiki palepale ilipopasukia. Alirudi amebeba mafungu ya singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge zilizokaushwa, aliyopewa na wafanyakazi wa shamba. Akavua tairi, akatoa mpira wa ndani, akaanza kuzishindilia singa ndani ya tairi kwa mpini wa spana, fungu baada ya fungu, mikono ikimtoka damu, mpaka tairi ikawa ngumu kama gogo. Akairudisha. Akapiga kiki. Tukaenda.

Getini Mazinde mlinzi mzee alitutazama sana. Akaigusa pikipiki kwenye tangi. "Hii naijua," alisema, akamtaja babu kwa jina la kazini. Baba mdogo aligeuza uso akatazama mistari ya mkonge, mirefu isiyokwisha, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Ile harufu ya makapi ilikuwa kila mahali. Nilikasirika kwamba mtu huyu naye ana baba wa kumlilia, na kwamba ni yule yule babu yangu.

Kurudi ndiko kulikotuua. Tairi ya singa haina hewa, haina huruma. Kila jiwe lilikuja zima zima. Jua la mchana lilitupiga mpaka Korogwe, na tulipovuka mto kuingia barabara ya vumbi nilianza kusinzia. Mara ya kwanza niliegemea upande, akanipiga kiwiko. "Wee! Ukianguka nitakuacha hapo fisi wakuokote." Mara ya pili mguu wangu ulining'inia karibu na spoki. Alisimama, akanitikisa bega kwa hasira, akanitukana mimi na aliyenizaa. Nikaamka, nikamtukana moyoni, nikashika mkanda kwa mikono miwili.

Kisha sijui.

Nilichosikia baadaye ni ukimya. Hakukuwa na ngurumo, bali magurudumu yakisaga changarawe na mtu akihema. Nilifumbua macho. Nilikuwa nimelazwa kifudifudi kutoka kwenye keria mpaka juu ya tangi, nimefungwa kwa shati lake, na yeye kifua wazi, ameshika usukani, anasukuma. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni kwa mistari. Niliiona miti ya Misima. Tulikuwa tumeacha Sindeni nyuma kabisa.

Akaniona. "Umeamka? Haya kaa vizuri, shika." Akavaa shati, akapiga kiki moja, injini ikashika.

Nami nikiwa nyuma yake, nikicheka bila sauti, nikajiambia: nimekupata.

Tulifika jua bado liko mkono mmoja juu ya miti. Kijiji kizima kilikuwa kwenye baraza la bibi, pamoja na wale waliosema wamekwenda kulima. Bibi alinikalisha kwenye kigoda. "Mmefika getini?"

"Tumefika."

"Ameisukuma?"

Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa umenyooka mbele kama wa mtu anayesubiri chakula. Nikasema, kwa sauti ya shuleni, "Ameisukuma. Kutoka Sindeni mpaka Misima."

Watu waliguna. Bibi hakuguna. Aliinama karibu nami, akauliza polepole, "Kwa nini? Ilizima?"

Hapo ndipo penyewe, wasomaji wangu. Sikuona ikizima. Nilikuwa nimelala. Kusema sijui kulikuwa ni kusema nilisinzia, na kusema nilisinzia kulikuwa ni kuitafuta fimbo ya baba mbele ya kijiji kizima. Tena, mtu angeisukuma pikipiki kwa sababu gani nyingine?

"Ilizima," nikasema. "Nilikuwa macho. Nimeiona."

Bibi akamgeukia mwanawe. "Mhando?"

Baba mdogo alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeshayapanga na ya kumjibu. Akaitazama fimbo ya baba iliyoegemea nguzo, akanitazama tena, halafu akapangusa mikono yake yenye damu kwenye suruali.

"Mtoto kasema," alijibu. Akaingia kwake, akafunga mlango.

Baba hakungoja. Alirukia pikipiki, akapiga kiki mara moja tu, ikanguruma, akazunguka nayo kijiji mara tatu huku watoto wakimfuata. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama mimi, si pikipiki. Kisha naye akaingia ndani.

Baba aliipanda miezi michache. Tairi zikaisha, na tairi za namna ile hazikupatikana Tanga wala kwingine. Ikasimama nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye taa yake. Ndugu wale hawakusemezana tena mpaka baba anazikwa. Na mimi niliishi na ushindi wangu vizuri tu, kusema kweli. Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa kijiji cha jirani, nikaendelea kupita mlangoni kwa baba mdogo kwa shikamoo ya midomoni.

Halafu jioni moja nilikuwa narudi kutoka kliniki kwa baiskeli, mwanangu wa kwanza amekaa kwenye keria. Alikuwa na miaka minne, mkorofi, siku nzima amenitia wazimu. Nikamgombeza mara ya kwanza, ananilegea mgongoni. Nikamgombeza mara ya pili, nikamwambia nitamwacha njiani. Mara ya tatu nilihisi kichwa chake kimedondoka, mikono imeachia. Sikufikiri hata kidogo. Nilishuka, nikamfunga kwenye tandiko kwa khanga, nikaanza kusukuma taratibu, nikikwepa mawe asije akashtuka.

Nilikwenda hivyo hatua thelathini hivi. Nikasimama katikati ya barabara, nimeshika usukani, nasikia magurudumu yakisaga changarawe ingawa yalikuwa yamesimama.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa baba mdogo. Alikuwa ameketi uani anatia mpini kwenye jembe, mzee sasa, mvi tupu. Nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta ule ule, mtoto bado amelala juu yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Siku ile ya Mazinde," nikasema, "pikipiki haikuzima."

Hakuinua uso. Aligonga mpini mara mbili, akaugeuza, akaugonga tena. "Ulikuwa unakoroma," alisema. "Mtoto wa kike anakoroma namna ile!"

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie baba yako umelala? Nilimsikia asubuhi alivyokuahidi." Akaliweka jembe chini, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni. Hakukuwa na msamaha ndani yake, wala sikustahili. "Nilikuwa sikupendi wewe. Ulikuwa na mdomo mchafu kama babako. Sasa mshushe huyo mtoto, atavunjika shingo."

Nimeishi na jibu hilo kuliko nilivyoishi na ushindi wangu. Nilikuwa nikidhani ni lazima mtu akupende kwanza ndipo akutendee jema. Yule hakunipenda. Alinisukuma kutoka Sindeni mpaka Misima akiwa hanipendi, kwa pikipiki ambayo ingewaka kwa kiki moja, akijua kila hatua anaikabidhi kwa kaka yake. Na niliporudi kusimulia nilichokiona, hatua zote nilizitaja, nikaacha jambo moja tu: kwamba aliyekuwa juu, amelala, nilikuwa mimi.